Vumbi la Akiki

Chebet mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi sitakuuliza. Hali yako ninaijua kuliko unavyoijua wewe, na ndiyo maana nimekaa hapa kwenye benchi la kazi saa kumi na moja jioni na kalamu mkononi, badala ya kuja huko ndani unakopiga pasi nguo zako za kesho.

Sitakuambia habari za kufunga mlango, kula vizuri na kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako amekuimbia wiki nzima, na nilikuona ukiitikia huku macho yako yako kwenye simu. Mimi nina neno moja tu, na nitalisema sasa kabla sijaanza kulizungukazunguka. Ile picha ya kifua uliyopigwa mwezi uliopita haikuwa safi. Nilikuambia daktari amesema ni homa ya mapafu ya zamani, imeshapona. Daktari hakusema hivyo. Alisema mapafu yako yameingia vumbi la mawe, na kwamba likishaingia halitoki. Nimekaa na habari hiyo siku kumi na tisa, na siku zote hizo nimekutazama ukikata mawe.

Kama hukusoma vizuri, rudia. Mimi nimeandika maneno hayo mara tatu, na mara mbili nimechana karatasi.

Jumatatu unatarajiwa kwenye karakana ya vito kule Nairobi. Waliona jicho la yule mchungaji wa kondoo, kwenye picha ya mawe tuliyotengenezea kanisa la Molo, uliposambaza kwa simu yako, wakakupigia siku hiyo hiyo. Nilifurahi mpaka nikatoka nje nikawaambia majirani wote wa hapa Kiamunyi, hata yule ambaye hatusalimiani. Sasa ninakuomba usiende huko. Nenda Nairobi, lakini nenda hospitali, na gurudumu la kukatia mawe usiliguse tena maishani mwako. Ninajua ninachokuomba. Kazi hii ndiyo kitu pekee nilichowahi kukupa.

Hujawahi kuniuliza niliipata wapi. Unajua tu kwamba nilitoka Kuresoi nikiwa kijana, nikiwa nimechoka kuchimba viazi kwenye tope na baridi, nikaja mjini kutafuta kazi safi. Kazi safi, hebu fikiria. Nikaajiriwa kufagia kwenye duka la Mzee Jayant, Mhindi aliyekuwa akiuza pete na mapambo ya mawe. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba cha mafundi watatu, na juu ya kila gurudumu kulikuwa na mkebe wenye tundu dogo, maji yanadondoka tone kwa tone juu ya jiwe likikatwa. Mwaka mmoja baadaye nilikuwa nimekaa kwenye gurudumu la nne.

Mzee Jayant alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mjadala. Kama hakuna maji, hakuna kazi. Unajua mifereji ya mji huu ilivyo. Siku ilipokauka, alizima umeme wa karakana akaturudisha nyumbani mikono mitupu, nasi tukamsengenya njia nzima. Tulisema mzee anaogopa mashine zake zitaharibika. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza. Aliniona siku moja nikikata kipande kikavu, akaja akanishika mkono, akaniambia, "Kijana, jiwe haina haraka. Haraka ni yako." Nilimwona mtu wa kizamani.

Maji yana taabu yake, hilo si uongo. Jiwe likilowa linang'aa lote. Ufa hauonekani, doa halionekani, hata jiwe la barabarani likilowa linakuwa zuri. Fundi wa Mzee Jayant alikuwa anakata kidogo, anasimamisha gurudumu, anapangusa jiwe kwa kitambaa, analiangalia likiwa kavu, kisha anarudisha maji. Hivyo hivyo mara mia kwa jiwe moja. Mimi nilikuwa na macho mazuri na uvumilivu mdogo. Nilijiambia, ukikata kavu tangu mwanzo, unaona uso wa jiwe wakati wote na huna haja ya kusimama. Nikatoka kwa Mzee Jayant nikiwa na jambo hilo kichwani kana kwamba nimevumbua umeme.

Nilianzia na kile kioo cheusi cha Eburru, jiwe la volkano. Ndani yake wakati mwingine kuna mng'ao wa dhahabu, umelala upande mmoja tu, na ukiukosa kwa upana wa kucha umepata kipande cha chupa. Nikikata kavu sikuukosa. Watu wakaanza kunijua. Halafu nikagundua jambo la pili, na hilo ndilo lililotumaliza.

Ukikata kwa maji, vumbi linageuka tope, rangi zote zinachanganyika kwenye beseni, unamwaga. Ukikata kavu, vumbi linaanguka chini kila jiwe na rangi yake. Akiki inatoa jekundu la kutulia ambalo jua haliwezi kulififisha. Kuna jiwe la kijani, kuna lile jeupe la upande wa Gilgil, na kioo cheusi kinatoa kijivu. Ukilichekecha, ukalichanganya na gundi, unapata rangi ya kujaza nafasi kati ya vipande vya picha za mawe zinazobandikwa makanisani, na inalingana na jiwe lenyewe kwa sababu ni jiwe lenyewe. Wachoraji wa makanisa wakaanza kuja kuninunulia. Mafundi wengine walikuwa wanamwaga tope, mimi nina mikebe imejipanga ukutani kwa rangi. Nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba kwangu hakipotei kitu.

Wa kuchekecha alikuwa mama yako.

Unamkumbuka akiwa amekaa pale ndani karibu na mlango, leso imefungwa kwenye sufuria, anatikisa taratibu vumbi lisipeperuke. Ilibidi upepo usiwepo, kwa hiyo alikuwa anafunga mlango na dirisha. Mimi ndiye niliyemwambia afunge. Alikuwa anatoka humo nyusi zimekuwa nyekundu, nasi tunamcheka, wewe ukiwa mdogo ukimwita Mama Akiki. Alikuwa anacheka pia, halafu anakohoa, halafu anaendelea kucheka.

Alipoanza kukonda tulimpeleka kliniki. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini walimpa dawa za TB kwa sababu kifua kile kilifanana na TB na hakuna aliyeuliza anafanya kazi gani. Alimaliza dawa, hakupona, akaanzishiwa nyingine. Nami nikaamini ameitoa kwa dada yake wa Molo ambaye alikuwa ameugua hapo nyuma. Nilimgombeza. Nilimwambia amekuja kutuulia mtoto. Sijawahi kukueleza hili, na labda uliliona ukanyamaza: nilimtengea kikombe. Cha bati, cha buluu, nikakifunga uzi kwenye kishikio chake ili kisichanganyike na vya kwetu. Alikitumia mpaka mwisho bila kusema neno. Na alipokuwa hawezi tena kutembea, aliomba aletewe leso na sufuria kitandani, maana kulikuwa na picha ya kanisa inayongoja rangi nyekundu. Nikamletea.

Alikufa akiniomba msamaha kwa kuleta ugonjwa nyumbani. Nikamsamehe, mwanangu. Nilimshika mkono nikamwambia nimemsamehe.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Ulianza kukaa kwenye gurudumu jioni ukitoka shule ili usimwone baba yako akilia peke yake, hivyo ndivyo ulivyomwambia shangazi. Ndani ya mwaka mmoja ulikuwa umenipita. Mimi naona mng'ao ulipo, wewe unaona utakapokuwa kabla jiwe halijakatwa. Nilikufunza kila nilichokijua, na la kwanza kabisa nilikufunza kufunga maji. Nilikuwa nakaa nyuma yako nikisema maji yanadanganya, Chebet, maji yanaficha, na wewe ukirudia kama wimbo wa shule ya Jumapili. Wakati wa korona tulikuwa na barakoa, nzuri za kitambaa, shangazi yako alitushonea. Tulizivaa kwenda kununua nyanya. Tukirudi tulizitundika hapo kwenye msumari, ndipo tunaanza kazi.

Sasa nikueleze ya kule kwa daktari, maana nilikuacha nje kwenye benchi nikaingia mimi kuchukua majibu. Nilimwambia wewe ni mtoto bado. Una miaka ishirini na tatu. Yule ni daktari kijana, pengine anakuzidi miaka michache. Alikuwa ameiweka picha kwenye mwanga, ananiangalia mimi badala ya kuiangalia picha.

"Mzee, huyu dada anafanya kazi gani?"

Nikamjibu kwamba unanisaidia nyumbani. Akatazama mikono yangu. Unajua kucha zangu zilivyo, wekundu hautoki hata nioge na nini. Akaniuliza hiyo ni rangi gani, nikamwambia ni ya mawe. Akaniuliza mama yako yuko wapi, nikasema alikufa, akauliza alikufa na nini, nikasema TB. Akaandika. Kisha akauliza kama TB hiyo iliwahi kuonekana kwenye makohozi, nikamwambia hapana, haikuonekana hata siku moja. Akaacha kuandika, akavua miwani akaiweka mezani.

"Mzee," akasema, "hii si TB. Hii ni mawe. Na sidhani hata mama yake ilikuwa TB."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia kelele. Alinieleza polepole kwamba vumbi la mawe kama akiki ni laini kuliko unga, linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, linakaa, na mapafu yanajifunga kulizunguka mpaka hayawezi tena kuvuta hewa. Alitaja jina, silikosisi. Alisema hakuna dawa ya kulitoa. Nikamuuliza sasa itakuwaje. Akasema, "Akiacha leo, linaweza kukaa hapo lilipo miaka mingi. Akiendelea, sina la kumsaidia." Halafu akaongeza kwamba amesema linaweza, hakusema litakaa. Akaniambia nikuite ndani akueleze mwenyewe. Nikamwambia nitakueleza mimi, mimi ni baba yako.

Alisema leo, Chebet. Ilikuwa Jumanne. Tukarudi nyumbani, ukabadilisha nguo, ukakaa kwenye gurudumu.

Unataka kujua kwa nini, na nimejiuliza hilo mpaka kichwa kimechoka. Picha ya lile kanisa la Molo ilikuwa imebaki uso tu. Mchungaji wao alikuwa amekwisha kuwatangazia waumini siku ya kuifungua. Kanzu nyekundu ya yule mchungaji wa kondoo nilikuwa nimeimaliza, kondoo wako tayari, lakini mikono yangu siku hizi inatetemeka na uso siuwezi. Hayo ndiyo niliyojiambia siku ya kwanza. Siku ya pili nilijiambia siku mbili tatu haziwezi kuongeza kitu. Siku ya tano niliacha kujiambia chochote. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wako. Kukueleza habari ya kifua chako ni kukueleza habari ya mama yako, na baada ya hapo ungeniangalia ukimwona mtu aliyemuua mama yako halafu akamtengea kikombe. Nikaona afadhali mapafu yako yaendelee kuharibika kuliko mimi kutazamwa hivyo. Sina njia nyingine ya kuliandika, nimejaribu.

Nilijaribu jambo moja, na nalo lilikuwa la woga. Nilichukua chupa ya plastiki, nikatoboa kifuniko, nikaitundika juu ya gurudumu lako kama mikebe ya Mzee Jayant. Asubuhi ulipoiona ulicheka. Uliishusha, ukaenda kumwagilia sukuma wiki.

"Baba, si ni wewe ulinifunza?" ukaniambia. "Maji yanaficha. Hili jicho nikilikata na maji litakuwa limekufa."

Kila kitu kilikuwa pale kwenye ulimi. Nikasema, "Haya."

Ukalikata lile jicho kavu kwa siku mbili. Ulikuwa umeinamisha uso karibu kabisa na jiwe, vumbi la kijivu la kioo cheusi linapanda kwenye nywele zako, na kila ukikohoa ulikuwa unageuka pembeni ili usipulize vumbi tulilotaka kulihifadhi. Kazi ilitoka nzuri kuliko kazi yoyote niliyoiona tangu nizaliwe. Siku ya kuifungua, wale wamama wa Molo walisimama mbele yake wakalia, wakasema jicho lile linawaona. Wewe ulikuwa nyuma unatabasamu. Mimi nilitoka nje nikasimama na magari, kwa sababu nilijua jicho lile limetoka wapi.

Nimekuwa nikitafuta la kukuambia baada ya haya, na sina. Wazazi wa watu wengine wana shamba. Lile la Kuresoi ndugu zangu waligawana zamani, na mimi sikwenda kudai, nilikuwa najiona tajiri wa mawe. Watu watakushauri uchore tu, mwingine akukatie. Nimelifikiria. Nikajiuliza huyo mwingine atakuwa mtoto wa nani. Watakuambia pia kwamba karakana kubwa za Nairobi zina maji na mashine za kuvuta vumbi, na huenda ni kweli, lakini daktari hakusema upunguze. Alisema uache. Una mikono ambayo sijui kama itatokea tena, na mimi niliyeifunza ndiye ninayeiambia ikae bure. Sijui utakula nini. Sijui utakuwa nani. Usiku ninajaribu kukufikiria ukifanya kazi nyingine na sikuoni.

Mimi vumbi la kifuani mwangu ninalijua bila picha. Ninapanda ngazi za soko nikisimama mara mbili. Hilo usilibebe, na usirudi kuniuguza. Mikebe yote nimeimwaga mchana huu ulipokuwa kwa msusi, nikaifukia nyuma ya choo, nikiwa nimelowesha vumbi kwanza. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilitumia maji. Gurudumu nimelivunja kwa nyundo baada ya wewe kurudi. Ulidhani kelele ile ni ya jirani anayejenga.

Mpango wangu ulikuwa kuiweka barua hii chini ya begi lako, chini ya sweta nzito, pamoja na ile picha ya kifua. Ungeikuta kesho huko Nairobi ukifungua nguo. Nilikuwa nimeshachagua mpaka upande wa begi. Nilipokuwa ninaandika habari za mama yako ndipo nilipoona ninachofanya. Ungekaa kwenye kitanda cha kukodi, kwenye chumba ambacho hujui hata taa inawashwa wapi, ukisoma peke yako, na mimi niko hapa, nimelala, nimejitua mzigo. Nimewaacha watu wawili wabebe vumbi langu. Ningekuacha ubebe na habari yake pia.

Umeniita sasa hivi kutoka ndani. Unauliza kufuli la begi nimeliweka wapi. Nimekujibu njoo hapa kwanza, na ninasikia unazima pasi.

Kwa hiyo hukuikuta popote. Nimekupa mkononi, nikakuomba uisome yote bila kusema kitu, na nimekaa kwenye kigoda upande wa pili wa benchi. Sitasimama, sitatoka nje. Picha iko chini ya karatasi hii. Uliza chochote, hata la kikombe. Ukitaka kunipiga, nipige. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza na wewe mpaka kuche.

Umefika mwisho. Inua macho, Chebet, uniangalie.